Lori Zima Lililoitwa Gonjwa

Sijawahi kuona watu wanaodharau kitu cha bure kama watu wa Tunduma wa miaka ile. Mji mzima ulikuwa unaishi kwa kuvusha sukari, vitenge na mafuta ya kula upande huu na upande ule wa mpaka wa Zambia, na kila mtu alijisifu kwamba amenunua kwa bei ya chini kuliko mwenzake. Lakini umwambie mtu kwamba programu unayotumia kwenye kompyuta haiuzwi, kwamba walioitengeneza wameitoa bure na wameacha wazi hata maandishi ya ndani ili anayetaka ayasome na kuyarekebisha, anakutazama kama umeokota chakula jalalani. "Rahisi ghali," anakuambia, halafu anaenda kununua CD iliyoibwa.

CD hizo ziliuzwa kwenye duka la kuchapa barua karibu na stendi. Mwenye duka alihesabiwa kuwa bingwa wa kompyuta wa mji, maana yake alikuwa na kompyuta tatu. Aliuza CD yenye "programu zote", namba ya kuifungulia imeandikwa kwa kalamu nene juu ya kava. Nyingi zilikuwa za kujaribu kwa mwezi mmoja tu, na bingwa wetu aligundua kwamba ukirudisha nyuma tarehe ya kompyuta, mwezi hauishi. Kwa hiyo kompyuta zake zote tatu ziliishi miaka sita nyuma ya sisi wengine. Kompyuta ilijiandikia tarehe yenyewe juu ya barua, na vijana walitoka pale wakiwa na barua za kuomba kazi zilizoandikwa, kwa mujibu wa karatasi, wakati wao bado wako shule ya msingi. Hakuna aliyeona aibu. Niliiona mimi kwa niaba yao, na sitasema uongo, niliifurahia.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi Mbeya, upande wa elektroniki, nikarudi bila kazi na laptop kuukuu ambayo betri yake ilikufa kabla sijaijua. Wakati huo Songwe haijawa mkoa, sote tulikuwa Mbeya tu. Nilikaa kwa mjomba wangu, kaka yake mama, mtu wa Ibaba kule juu Ileje, ambaye alikuwa fundi wa injini kwenye yadi ya tajiri mmoja wa malori. Tajiri naye alikuwa mtu wa milimani kwetu, mzee wa kanisa, mtu ambaye hawezi kukufokea kabla hajakubariki. Malori yake yalikwenda Zambia na kurudi, na ndani ya yadi alikuwa na tangi lake la dizeli, ambalo aliwauzia pia wenye malori wengine.

Mjomba alipima injini kwa sikio. Alichukua kipande cha nondo, ncha moja akaigusisha kwenye injini inayounguruma, nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio lake la kulia, akafumba macho. Baada ya muda alisema, "Beringi ya pampu ya maji," au "Nozeli ya tatu," ile ya kurushia dizeli ndani ya injini, akaenda kunawa mikono. Wengine wakifungua injini walikuta kama alivyosema. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kuona ni jambo la ajabu. Nilipotoka chuo ndipo nikaona ni jambo la kizamani.

Nikapata wazo ambalo kila mhitimu asiye na kazi hulipata, kwamba kazi ya mtu fulani inaweza kufanywa na mashine. Ningechukua sauti ya injini, niiingize kwenye kompyuta, niichambue, na kompyuta iandike NZIMA au GONJWA. Nikamweleza tajiri. Alipenda mara moja, si kwa sababu ya sayansi. Wenye mizigo walikuwa wameanza kumuuliza kama magari yake yana karatasi yoyote ya kuthibitisha hali yake, na karatasi iliyotoka kwenye kompyuta ilimvutia kuliko neno la mzee mwenye nondo.

"Bwana asifiwe," alisema, kisha akamgeukia mjomba mbele yangu. "Mtambo wa mpwa wako ukifanya kazi, wewe sasa utapumzika."

"Sijachoka, mzee," mjomba akajibu.

Hilo ndilo lililokuwa mezani, na nililijua vizuri kuliko mtu yeyote. Nyumba yake ya Ibaba ilikuwa imesimama kuta bila bati. Mtoto wake wa mwisho alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Magoti yake yalikuwa yameanza kukataa jembe, kwa hiyo habari ya kurudi kulima ilikuwa ni maneno tu. Mjomba asipokuwa fundi wa yadi ile, hakuwa na kitu kingine cha kuwa. Mimi nilijiambia kwamba tajiri anatania, kwamba mashine yangu itahitaji mzee wa kuisimamia. Mtu akitaka jambo, hakosi sababu.

Nikaanza kuchagua vifaa, na hapo ndipo dharau yangu ilipopata shamba la kulima. Nilikuwa na sharti moja: programu huria, ninayoweza kuifungua nikaona ndani yake inafanya nini. Kama mashine itasema gari la mtu ni gonjwa, lazima nijue imefikaje hapo. Nilimwambia hivyo mwenzangu wa chuo aliyekuwa amepata kazi kwenye ofisi moja ya serikali, kijana aliyevaa tai hata siku ya soko. Akaniuliza, "Cha bure kikiharibika, utamshitaki nani?" Nikamuuliza yeye amewahi kumshitaki nani kwa ile CD ya mwezi usioisha. Akakumbuka ana kikao.

Programu ya kwanza niliyojaribu ilikuwa nzuri ya kutazama. Huandiki kitu, unachora visanduku na kuviunga kwa nyaya kwenye kioo, sauti inaingia huku na kutoka kule. Wageni wote walioiona waliisifu, na hilo peke yake lilitosha kunitia shaka. Ilikuwa nzito, laptop yangu ilipumua kama ng'ombe mlimani. Tena kwenye ukurasa wa watumiaji wake, maswali ya mwaka ule hayakuwa na jibu hata moja. Waliokuwa wanaitunza walikuwa wameondoka bila kuaga. Nikaifuta.

Ya pili ilikuwa ya kurekodi na kukata sauti. Hiyo niliiheshimu na nikabaki nayo. Unaona sauti imechorwa mbele yako, unakata kelele za honi, unahifadhi. Lakini ilikuwa ya kukatia tu, haiwezi kuamua chochote yenyewe. Vijana wawili waliokuwa na studio ya kwaya pale mjini waliichekea kwa sababu haikuwa na taa za rangi. Wao walitumia ya wizi yenye taa za rangi, na kila kwaya iliyotoka kwao ilisikika kama inaimba ndani ya pipa.

Ya tatu haikuwa na sura kabisa. Kioo cheusi, unaandika hesabu, inajibu hesabu. Ilikuwa ndugu wa bure wa programu moja ya ghali ambayo tulifundishwa chuoni kwa kutazama picha zake kwenye vitini. Ilinifaa kwa mambo matatu. Ilikubali kukaa kwenye kompyuta yangu ya kizee. Ilikuja na mafundisho yake yote ndani, kwa hiyo sikuhitaji intaneti kila nilipokwama. Na watu wake walikuwa hai, ukiuliza swali, baada ya siku mbili tatu mtu wa nchi usiyoijua anakujibu, tena anakukemea kwa kutosoma. Nikaiongezea kifurushi kidogo cha kupepeta sauti, yaani cha kutenganisha milio mizito na myepesi, kama mama anavyotenganisha mahindi, pumba na mawe kwenye ungo mmoja.

Kuvipata vyote hivyo nilinunua laini ya Zambia na kupanda kwenye kilima nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtandao wa Nakonde, mji wa upande wa Zambia, ulivuka mpaka bila kugongewa pasipoti. Mama mmoja wa Kizambia aliyeuza vocha aliponiona alikuwa ananiita, "Mwaiseni, ba injinia!" yaani karibu, bwana injinia, na kucheka. Nilidhani ananisifu.

Ikabaki kuifundisha mashine. Nilitoa maikrofoni kwenye waya wa kusikilizia simu, nikaifunga kwenye kifuniko cha chupa, nikaibandika kwenye injini kwa sumaku ya spika iliyokufa. Kwa miezi minne nilirekodi kila lori lililolala yadini, likinguruma mahali pamoja. Mjomba aliweka nondo yake kwanza, akasema hali ya gari, mimi nikaandika kwenye daftari. Hakuwahi kukataa. Alinisogezea hata kigoda kando ya chake.

Kulikuwa na jambo moja lililoniudhi. Gari likiwa halina tatizo, hakusema "nzima" tu. Alisema, "Hii nzima ya hapa." Kila mara, nzima ya hapa. Nikaona ni Kindali chake, lugha ya kwetu milimani, kinachovuja kwenye Kiswahili, kama kilivyovuja kwenye mengine. Nikaandika NZIMA, nikaacha yale mengine nje. Sikumuuliza. Nilikuwa nimesoma kila mstari wa programu iliyoandikwa na watu wa ng'ambo ambao sitawaona maishani, na sikumuuliza mjomba wangu aliyekaa kigodani hatua moja kutoka kwangu maana ya maneno mawili.

Siku ya kuonyesha, tajiri aliwaita wenye malori wenzake wawili, wale waliokuwa wakinunua dizeli kwenye tangi lake. Madereva nao wakajaa, maana mtu akisikia kompyuta itasema, haendi mbali. Tajiri akaomba sala ndefu iliyogusa mpaka nozeli. Yakasogezwa malori matano. Mashine ingesema kwanza, halafu mjomba angeweka nondo.

La kwanza, mashine ikaandika NZIMA. Mjomba akasikiliza, akasema nzima ya hapa. La pili vilevile. La tatu, GONJWA, na mjomba akasema beringi ya pampu ya maji, na watu wakapiga makofi. La nne, NZIMA. Wale wageni wawili walikuwa wameshaanza kuniita mtaalamu. Nilisimama pale nikijiona nimewapita wote, bingwa wa CD, kijana wa tai, wenye studio, na yule mzee pia, ingawa hilo la mzee sikulisema ndani yangu kwa sauti.

La tano lilikuwa la dereva mpya wa tajiri, mtu wa Tanga, mpole, aliyekuwa ametoka kuswali, akarudi akikunja mikono ya shati. Alikuwa ameingia kutoka Zambia asubuhi ile na lori lake lilikuwa jipya kuliko yote, sikuwahi kulirekodi. Nikabandika maikrofoni. Kompyuta ikafikiri, ikaandika GONJWA.

"Ugonjwa gani tena?" dereva akauliza. "Gari limetembea kama maji tangu jana."

Mjomba akaweka nondo, akafumba macho, akakaa muda mrefu kuliko kawaida. Nikaona uso wake umelegea, kama mtu anayesikia wimbo wa utotoni.

"Nzima," akasema. Safari hii hakuongeza kitu.

Watu wakacheka. Mgeni mmoja akasema kompyuta imepandwa na malaria. Tajiri alinitazama na tabasamu lake la kanisani, lile la kabla ya kufokea. Damu ikanipanda kichwani, nikasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Nikasema kwa sauti, mbele ya madereva aliofanya nao kazi miaka yote, "Mashine haikosei. Mjomba masikio yake yamezeeka, tumvumilie."

Kicheko kikabadili upande. Sasa walimcheka yeye. Hata waliokuwa wanamheshimu walicheka, kwa sababu mpwa wake mwenyewe ndiye aliyefungua mlango.

Mjomba hakukasirika. Alifuta nondo kwa kitambaa, akaiegemeza ukutani, akasema kwa sauti yake ile ya taratibu, "Msimcheke mtoto. Mashine yake haikukosea, na mimi sikukosea. Huyu alirekodi magari ya hapa. Magari ya hapa yanakunywa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, yote, kila siku. Ndiyo maana injini zake zinagonga, ndiyo maana nabadilisha nozeli na pampu kama mtu anayebadilisha soksi. Mashine imefundishwa kwamba kugonga huko ndiyo afya. Hili la Tanga limejazwa Nakonde, limekunywa dizeli tupu. Haligongi. Mashine haijawahi kusikia gari zima, itajuaje?"

Miaka ile mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini kuliko dizeli, na kuchakachua kulikuwa biashara inayojulikana nchi nzima. Kila mtu pale alijua kuna wachakachuaji. Lakini wale wageni wawili hawakujua kwamba wamekuwa wakijaza malori yao kwenye tangi la mchakachuaji, tena baada ya sala. Mmoja aliinuka, akaenda kwenye lori lake lililokuwa getini, akafungua kifuniko cha tangi na kuingiza pua. Dereva wa Tanga akasema, "Ndiyo maana mimi nikivuka hujaza kule, hata kwa hela yangu." Mimi nilitazama kioo cha laptop. Lile neno bado lilikuwa pale, limeandikwa kwa herufi kubwa nilizochagua mwenyewe.

Mjomba alikuwa amelijua jambo hilo kwa miaka. Alikuwa ameshamwambia tajiri faraghani, akaambiwa ashughulike na injini. Akanyamaza, kwa sababu ya bati na karo. Angeweza kuendelea kunyamaza siku ile pia. Ilitosha akubali kwamba amezeeka masikio, watu wacheke, jioni ale ugali wake. Aliamua kusema ili mimi nisionekane mwongo.

Wageni walipoondoka, tajiri alimwita mjomba ofisini. Hakikupita kitambo. Alipotoka alianza kukusanya spana zake na kuzitenganisha na za yadi, moja moja, asije akachukua isiyo yake. Kisha nikaitwa mimi.

"Bwana asifiwe," tajiri akasema. "Wewe ulisema hiyo programu iko wazi, mtu anaweza kuirekebisha anavyotaka."

"Ndiyo, mzee."

"Basi irekebishe. Mimi nahitaji karatasi za wenye mizigo. Isiwe inatoa maneno ya ajabu mbele za watu. Kesho uanze kazi, mahali pa mjomba wako."

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nimesoma kumbukumbu nyingi za watu waliokataa, na nyingine nazitilia shaka. Mimi nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake, jua bado lipo, nikafungua ile programu niliyoichagua kwa sababu ndani yake hakuna siri. Kulikuwa na mstari mmoja wenye namba, kipimo cha gari kutofautiana na mengine kabla halijaitwa gonjwa. Nikaongeza sifuri mbili. Baada ya hapo hata trekta lililokufa lingepita. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa soda, na bingwa wa CD, yule mwizi wa tarehe niliyemdharau, hajawahi kufanya uchafu wa namna hiyo maishani mwake.

Asubuhi nilimbebea mjomba sanduku la vifaa mpaka kwenye gari la kwenda Ileje. Lilikuwa zito. Kondakta alipokuwa anafunga sanduku juu, mjomba akanigeukia.

"Mjomba," akaniita, maana ndivyo tulivyoitana, yeye kwangu na mimi kwake. "Jana ulisema masikio yangu yamezeeka. Ulisema kwa kuwa ndivyo uonavyo, au kwa kuwa watu walikuwa wanacheka?"

"Kwa kuwa watu walikuwa wanacheka."

"Basi afadhali," akasema. "Nililala nikijipima. Nilidhani labda ni kweli."

Akapanda, akakaa upande wa dirishani. Hakuniuliza naelekea wapi, na nilishukuru kwa hilo kama mbwa anavyoshukuru. Gari lilipoondoka nilirudi yadini nikaketi kwenye kigoda chake. Lori la kwanza lilisogezwa likigonga mpaka vioo vya ofisi vikatetemeka. Nikabandika maikrofoni, kompyuta ikaandika NZIMA. Dereva alikuwa yule wa Tanga, safari hii amejaziwa kwenye tangi la yadi kwa amri ya tajiri. Akainama akasoma kioo, kisha akanitazama usoni.

"Fundi, una uhakika?"

"Mashine imesema," nikamjibu, nikaipiga muhuri karatasi yake.